Haki ya Mshtakiwa katika Mahakama za Utatuzi wa Matatizo

Mahakama za utatuzi wa matatizo hushughulikia chanzo cha kosa, kama uraibu, badala ya kuadhibu tu. Mahakama ya kwanza ya dawa za kulevya ilianza Miami, Marekani, mwaka 1989. Mraibu hupelekwa kwenye matibabu badala ya jela, kisha hurudi mara kwa mara kwa hakimu yuleyule kueleza anavyoendelea. Zikafuata mahakama za afya ya akili na nyinginezo. Nia ni njema, na hapo ndipo penye hatari: kila mtu anapojiona msaidizi, ni rahisi kusahau kwamba aliyesimama pale bado ni mshtakiwa.

Dosari nyingi huanza mlangoni. Programu nyingi za matibabu haya humtaka mshtakiwa akiri kosa kwanza. Kabla hajatia saini, azungumze faragha na wakili, ajue programu itachukua muda gani (mara nyingi mwaka au zaidi), ni haki zipi anaziacha, adhabu ipi inamsubiri akishindwa, na kama shtaka litafutwa akimaliza. Aliye rumande husaini chochote ili atoke, hivyo apewe muda wa kufikiri. Kwa kosa dogo, mwaka mzima wa vipimo na vikao unaweza kuwa mzigo kuliko kifungo chenyewe, na wakili hana budi kumwambia hivyo waziwazi.

Kikao chenyewe kina mitego yake. Viwango vya kitaalamu vya Marekani vinataka hakimu azungumze na kila mshiriki kwa dakika 3 hivi au zaidi. Amwite kwa jina, amtazame, amwachie nafasi ya kujieleza. Swali la "Umeelewa?" halifai kitu, kwa kuwa jibu lake siku zote ni "Ndiyo, mheshimiwa". Amwombe arudie masharti kwa maneno yake mwenyewe.

Kwenye adhabu ndiko watu huumia zaidi. Kipimo cha haraka cha mkojo kinaweza kukosea, hata kwa sababu ya baadhi ya dawa za mafua. Mshtakiwa akikana, sampuli ipelekwe maabara kwa uhakiki kabla ya kuadhibiwa. Mraibu anayeteleza mwezi wa kwanza asilinganishwe na anayekwepa vikao makusudi: wa kwanza huenda anahitaji tiba ibadilishwe, na tiba isiongezwe kama fimbo.

Tena, hakimu, mwendesha mashtaka na watoa tiba hukutana kumjadili kabla ya kikao. Wakili wake asipokuwemo, uamuzi huwa umeshapikwa kabla jina lake halijaitwa.