Familia ya kuchagua: nani kamchagua nani?

Kila anayeisimulia filamu ya mwongozaji Mjapani Hirokazu Kore-eda, Manbiki Kazoku, inayojulikana zaidi kama Shoplifters, hufikia palepale: ni filamu ya familia ya kuchagua, na upendo umeishinda damu. Msemo umeshazoeleka mno. Siku hizi hata bosi anayechelewesha mishahara anawaambia wafanyakazi kwamba wao ni familia yake ya kuchagua.

Maana yenyewe ni fupi. Ni watu wasiounganishwa na nasaba wala ndoa, wanaoamua kuishi kama ndugu: kulishana, kuuguzana, kuzikana. Msemo ulipata nguvu kwa wasomi mwaka 1991, mwanaanthropolojia Kath Weston alipotoa kitabu chake juu ya wapenzi wa jinsia moja wa eneo la San Francisco, baadhi yao wakiwa wamekataliwa na jamaa zao. Wale walikuwa watu wazima. Kila mmoja alijua anaingia wapi na angeweza kutoka.

Kuasili ni jambo jingine. Kuasili ni sheria. Japani jina huingizwa kwenye koseki, daftari la serikali la familia, na wengi wanaoasiliwa kule si watoto hata kidogo, ni wanaume wazima wanaotafutiwa urithi wa jina au biashara. Hata undugu wa kuchanjiana wa wazee wetu ulikuwa na mashahidi na masharti. Familia ya kuchagua haina cheti wala shahidi, kwa hiyo polisi wakibisha hodi haina cha kuwaonyesha.

Sasa turudi kwenye filamu ya Kore-eda, iliyotwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2018. Osamu ni kibarua, mwenzi wake Nobuyo anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia nguo, na wote, pamoja na Shota, mvulana wanayemlea, wanabanana kwenye kijumba cha bibi Hatsue jijini Tokyo, wakitegemea pensheni yake na vitu vya kuiba madukani. Usiku mmoja wa baridi wanamkuta Yuri, mtoto wa miaka mitano, ameachwa nje. Wanamlisha, wanaamua kumrudisha, lakini mlangoni kwao wanawasikia wazazi wake wakigombana na wanageuka naye. Nobuyo ana kovu la pasi mkononi, na Yuri analo pia. Polisi wanapomhoji, Nobuyo anajibu kwamba yeye hakutupa mtu, aliokota aliyetupwa na wengine.

Jibu hilo linauma kwa sababu lina ukweli ndani yake. Lakini kuokota si kuchaguana. Nobuyo anaamini kwamba Yuri aliwachagua wao, kwa kuwa alipopewa nafasi ya kurudi kwao hakurudi. Mtoto wa miaka mitano aliyezoea kupigwa, akipewa chakula na mahali pa kulala, achague nini kingine?

Kwa Shota hali ni ngumu zaidi. Walimtoa ndani ya gari kwenye maegesho ya jumba la kamari, akiwa mdogo mno kuulizwa chochote. Amelelewa akiaminishwa kwamba kilichopo dukani bado si mali ya mtu, na Osamu anatamani sana kuitwa baba. Wenye kuisifu familia hii huiruka sehemu inayofuata. Shota anakwapua machungwa dukani, anakimbia mbele ya wafanyakazi mpaka anaruka kutoka darajani na kuvunjika mguu. Baadaye anamwambia Osamu kwamba alikamatwa makusudi. Huo ndio uamuzi wake wa kwanza ulio wake kweli, nao ndio unaoivunja nyumba. Watu wazima nao, walipoona mambo yameharibika, walifungasha mizigo watoroke wamwache hospitalini. Neno baba linamtoka Shota kwa mnong'ono ndani ya basi, Osamu akiwa hawezi tena kulisikia.

Silikatai jina la familia ya kuchagua. Linamfaa Nobuyo, aliyebeba kosa lote ili Osamu asifungwe. Wale wawili walichaguana wakijua wanachokifanya. Kwa watoto, sema walichukuliwa, wakapendwa, wakafundishwa wizi. Ukitaka kusema nao walichagua, anza kuhesabu kutoka kwenye yale machungwa.