Taarifa za lazima za amana ya pango: ni nini, na zinakabidhiwaje

Ukipanga nyumba England utaombwa amana, ile fedha anayoshika mwenye nyumba kwa ajili ya uharibifu au kodi itakayolala. Tangu tarehe 6 Aprili 2007, kwa Sheria ya Makazi ya 2004, amana hiyo lazima iwe chini ya ulinzi wa mmoja wa mipango iliyoidhinishwa na serikali. Ipo mitatu: Deposit Protection Service, mydeposits na Tenancy Deposit Scheme. Hilo wenye nyumba wengi wanalijua. Wanachosahau ni nusu ya pili ya wajibu wao, yaani karatasi.

Karatasi hizo ndizo taarifa za lazima. Zinamweleza mpangaji amana yake ni kiasi gani, ya nyumba ipi, inalindwa na mpango gani na unapatikana vipi, atadaije fedha yake akihama, na wakigombana mzozo uende wapi. Ndani yake mna majina, anwani na mawasiliano ya pande zote, pamoja na kijitabu cha maelezo kinachotolewa na mpango wenyewe. Zinataja pia sababu zinazoweza kumfanya mwenye nyumba akate amana, zikielekeza kwenye vifungu vya mkataba. Hapo ndipo fomu nyingi huharibika: pale pa kuandika namba ya kifungu panaachwa wazi. Ziandike. Kisha mwenye nyumba atie saini kuthibitisha kwamba maelezo ni sahihi, na mpangaji apewe nafasi ya kuyasoma na kusaini naye.

Muda ni siku 30, na siku amana ilipopokelewa ndiyo siku ya kwanza. Fedha ikiingia tarehe 3 Machi, siku ya mwisho ni tarehe 1 Aprili. Kulinda fedha na kukabidhi karatasi, yote mawili yawe yameisha ndani ya muda huo. (Scotland na Ireland Kaskazini wana hesabu zao; msichanganye.)

Sasa, kukabidhi maana yake nini? Ni karatasi kumfikia mpangaji, nawe mwenye nyumba ukawa na cha kuonyesha kwamba zilimfikia. Cheti cha mpango kilichopigwa picha na kutumwa WhatsApp hakitoshi, kwa kuwa hakina yote yanayotakiwa. Njia ninayoiamini kuliko zote ni mkono kwa mkono: chapisha nakala mbili, mketi mezani, msaini zote na tarehe, kila mmoja abaki na yake. Ikibidi posta, tuma kwa barua ya kawaida na uombe dirishani stakabadhi ya kuthibitisha umeituma, haina malipo. Barua ya kusainiwa mlangoni inaonekana salama zaidi, lakini mpangaji asipokuwepo inarudi ilikotoka. Barua pepe itumie pale ambapo mkataba unasema wazi kwamba inakubalika, uambatanishe mafaili yenyewe, kijitabu kikiwemo, badala ya kumpa kiungo akatafute, na umwombe ajibu kwamba amepata.

Wapangaji wakiwa watatu, kila mmoja apewe nakala yake. Halafu kuna mtu ambaye sisi Waswahili tunaye mara nyingi: mjomba wa Mombasa au dada wa Dar es Salaam aliyelipa amana kwa niaba ya mpangaji. Sheria inamtambua, naye anastahili taarifa zilezile. Kabla ya kujaza fomu, muulize mpangaji: fedha hii imetoka kwa nani?

Gharama ya kuzembea ni kubwa. Chukua nyumba ya pauni 1,200 kwa mwezi. Amana inayoruhusiwa ni kodi ya wiki tano, kama pauni 1,384. Karatasi zisipokabidhiwa kwa wakati, mahakama humwamuru mwenye nyumba amlipe mpangaji kati ya mara moja na mara tatu ya amana, yaani hadi kama pauni 4,150, hata kama fedha yenyewe ililindwa tangu siku ya kwanza. Kuzikabidhi baada ya siku 30 kupita hakufuti kosa, ingawa hakimu anaweza kulizingatia anapopanga kiasi. Na mpangaji anaweza kudai hata baada ya kuhama.