Uhalali wa kutabiri: mtihani wa kujiunga unajua nini kuhusu mwanafunzi mtu mzima?

Uhalali wa kutabiri ni kipimo cha kama waliopata alama za juu kwenye mtihani wa kujiunga na chuo ndio hao hao wanaofanya vizuri baadaye darasani. Watafiti hulinganisha alama za mtihani na matokeo ya mwaka wa kwanza, kisha hutoa namba: 0 ni kwamba hakuna uhusiano, 1 ni kwamba vinafuatana bega kwa bega.

GRE, mtihani wa Marekani ulioanza 1936 kwa ajili ya waombaji wa uzamili, kwa kawaida hupata kama 0.3. Si haba. Lakini izidishe kwa yenyewe: 0.09. Yaani mtihani unaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za alama za mwaka wa kwanza kati ya wanafunzi.

Wanaoutetea wana hoja nzito, na mimi naikubali: chuo hupima wale tu kiliowapokea, ambao wengi tayari walifaulu vizuri. Ni kama kwenda soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga, ukachagua nguru wakubwa watupu, halafu ukalalamika kwamba urefu hausemi mengi kuhusu uzito. Kundi likibanwa hivyo, namba hushuka.

Sasa mchukue mwalimu wa sekondari wa Ngamiani, miaka 42, anayeomba kusoma uzamili wa elimu nje. Tangu aache shule hajagusa vipeo wala pembe za pembetatu, na kwenye kompyuta saa inahesabu kurudi nyuma. Alama yake ya hesabu itapima akili, sawa, ila itapima pia miaka aliyokaa mbali na hesabu. Kijana aliyemaliza shahada juzi hana deni hilo.

Halafu kuna kumaliza, ambako ni jambo jingine kabisa na mwaka wa kwanza. Watu wazima wengi hawakwami kwa kushindwa masomo; hukwamia kwenye ada, mgonjwa nyumbani, ruhusa ya mwajiri, au tasnifu iliyolala kwa msimamizi. Hakuna swali la kuchagua A mpaka E linalogusa hayo.

Kwa hiyo chuo kinachopokea watu wazima kikokotoe namba yake kwa watu wazima peke yao, na kwa kuhitimu, si kwa alama za mwaka wa kwanza tu. Iliyopatikana kwa vijana wa miaka 23 haihamishiki hivi hivi.