Paraganglioma ni nini, na kwa nini haichomwi sindano kwanza

Paraganglioma ni uvimbe adimu unaoota kwenye vifundo vidogo vya seli vilivyoambatana na mishipa ya fahamu, tangu shingoni hadi kwenye nyonga. Seli hizo ni za jamii ya neva, ila hutoa homoni kama tezi. Uvimbe huohuo ukiota ndani ya tezi iliyo juu ya figo huitwa feokromositoma.

Ule wa shingoni mara nyingi hautoi homoni. Ukiushika kwa vidole husogea kushoto na kulia, lakini haupandi wala haushuki. Wa tumboni ndio hatari: humwaga noradrenalini, homoni inayobana mishipa ya damu, na mgonjwa hushikwa ghafla na presha, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio na jasho. Mombasa jasho halimshtui mtu, hasa msimu wa kaskazi. Basi ulizia lile linalomjia mtu amekaa chini ya feni, likaandamana na kichwa na moyo, kisha likakata lenyewe.

Kipimo cha kwanza ni metanefrini, mabaki ya homoni hizo. Damu hutolewa mgonjwa akiwa amelala chali dakika 20 hadi 30; akitolewa ameketi, majibu huweza kupanda bure. Au hukusanywa mkojo wa saa 24: wa kwanza wa alfajiri mwaga, kisha weka wote hadi ule wa alfajiri ya pili, nao utie. Dumu la maabara huenda lina asidi, usilisuuze. Dawa za kuzibua pua na baadhi ya dawa za sonona huvuruga majibu, kwa hiyo mtajie daktari kila unachomeza.

Picha ya CT au MRI hufuata. Kuuchoma sindano ili kutoa kinyama cha kupima, kabla ya majibu ya homoni, kwaweza kuufanya umwage shehena yake mara moja, presha ikapaa hadi kuua.

Tiba ni kuukata. Siku 7 hadi 14 kabla, mgonjwa hupewa kizuizi cha alfa, yaani dawa ya kulegeza mishipa ya damu, kama doksazosini, pamoja na chumvi na maji ya kutosha, kwani mishipa ya damu iliyobanwa muda mrefu ikilegea hutaka kujazwa. Kizuizi cha beta, yaani dawa ya kutuliza mbio za moyo, kama propranololi, huja baada ya hapo tu. Kikitangulia, mishipa huzidi kubana na presha hupanda. Ni kosa jepesi kufanyika, kwa kuwa moyo ukienda mbio dawa hiyo ndiyo huandikwa upesi.

Takriban mgonjwa 1 kati ya 3 amerithi jeni yenye hitilafu, kwa hiyo ndugu wa damu nao wapimwe. Baada ya upasuaji, metanefrini hurudiwa kila mwaka kwa miaka isiyopungua 10.