Uanagenzi Arusha: mpe fundi wako muda wa kufundisha

Waajiri wengi wa Arusha wanaofika kwenye chuo chetu cha ufundi huja na ombi moja: wapatiwe fundi aliyeiva. Mwenye gereji ya magari ya watalii anataka kijana anayeijua Land Cruiser hadi uvunguni. Mwenye loji anataka mpishi anayeweza kusimama jikoni wageni 40 wanapoingia kwa mpigo. Mtu wa namna hiyo hatoki darasani peke yake. Anaivia kazini, na ndiyo sababu tunawaomba waajiri waingie kwenye uanagenzi wakijua kwamba wao pia ni walimu.

Katika uanagenzi kijana hupokezana chuo na kazi: kipindi anasoma, kipindi yuko karakanani, kwa mkataba unaotaja nani anamfundisha nini. Ujerumani mafunzo haya huchukua miaka 2 hadi 3 na nusu kulingana na fani. Hapa kwetu VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, imeyaendesha kwa jina la uanagenzi pacha, na chuo chake cha Moshi kilikuwa miongoni mwa vilivyoanza.

Mambo huharibika pale mwanagenzi anapogeuzwa saidia fundi. Anashika tochi, anaosha vipuri, anatumwa dukani kufuata spea, na miezi sita inapita hajafungua hata ekseli moja. Mara nyingi hakuna mwenye nia mbaya. Ni kwamba hakuna aliyekabidhiwa kazi ya kumfundisha. Kwa hiyo, kabla ya kumpokea kijana, mteue fundi mmoja na wafanyakazi wote wajue kwamba ndiye. Angalia pia unavyomlipa. Fundi anayelipwa kwa idadi ya magari anayotoa hawezi kufundisha, maana kila swali la kijana linapunguza riziki yake. Mwongezee posho, na muda anaoutumia na mwanagenzi uhesabike kuwa kazi.

Chukua gari lililoshuka kutoka Serengeti likigonga nyuma. Fundi mzoefu akilisikia tu anajua pa kushika. Anayefundisha hujizuia kusema. Humwacha kijana aingie chini na mtarimbo mdogo, asukume bushi (mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari) moja baada ya nyingine, kisha aeleze mlegeo uko wapi na kwa nini anadhani hivyo. Ndipo anaruhusiwa kufungua. Wakati wa kurudisha anakaza mwenyewe, na fundi anakagua kila nati kabla gari halijashushwa. Mwisho wanaandika kwenye daftari la mafunzo: kazi iliyofanyika, tarehe, sahihi zao wote wawili. Daftari hilo ndilo linalomwonyesha mwalimu wa chuoni kwamba kijana ameshagusa breki lakini giaboksi bado.

Kazi ya saa moja kwa njia hii inaweza kula saa mbili, na mwenye gereji ana haki ya kuuliza saa hizo atazitoa wapi. Katika mji unaoishi kwa utalii, jibu ni masika. Aprili na Mei wageni hupungua, baadhi ya kambi hufungwa, na magari huja kufunguliwa yote. Waajiri wengi huuona huo kuwa wakati wa kupunguza watu. Mimi nauona kuwa wakati bora wa kufundisha kuliko mwingine wowote: kijana anaifuata kazi tangu mwanzo hadi mwisho bila mteja kupiga honi getini. Juni wageni wakirudi, anachobakiza kujifunza ni kasi.

Hofu ya kwamba ukimfundisha atachukuliwa ni ya kweli. Wengine wataondoka. Lakini anayepandishwa posho kadiri ujuzi unavyokua, na anayejua mapema mshahara utakaomsubiri akihitimu, ana sababu ya kubaki. Kumbuka pia kwamba mwajiri wa sekta binafsi mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Sehemu ya fedha hizo hugharamia mafunzo ya ufundi stadi. Kwa kuwa tayari unachangia, njoo uzungumze nasi kuhusu kinachofundishwa.

Usalama usingoje. Viatu vigumu, miwani ya kuchomelea na maelezo ya hatari hutolewa siku ya kwanza, na sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuwekwa kwenye kazi za hatari.

Kuna mafundi hodari sana waliojifunzia mtaani, hawana cheti, na hivyo huona haya kuitwa walimu. VETA huwapima watu hao na kurasimisha ujuzi wao. Mwandikishe fundi wako kwenye upimaji huo kabla ya kupokea wanagenzi, na mazungumzo na chuo yaanze kabla ya msimu wa Desemba, ili masika yakiingia vijana wawe wameshapangwa.