Udumavu si upumbavu

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya msingi huku Njombe, mwalimu alisimama kueleza kwa nini darasa lake la tatu halijui kuzidisha. "Watoto wa mkoa huu wamedumaa akili," akasema. Wazazi wengine wakatikisa vichwa kukubali, wengine wakacheka. Mama aliyekaa pembeni yangu akainamisha uso. Mwanawe nilimpima mimi, kwenye siku ya afya na lishe ya kijiji, akiwa bado anabebwa mgongoni. Mimi ndiye niliyemwambia mama huyo kwamba mtoto amedumaa. Nilimpa neno hilo ili apate msaada, na sasa anatukanwa nalo mbele ya kijiji kizima.

Udumavu ni ufupi usiolingana na umri. Mtoto wa chini ya miaka mitano hupimwa kwenye ubao, amelala kama hajafika miaka miwili, amesimama kama ameivuka. Urefu wake hulinganishwa na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, na akiwa chini ya mstari uliowekwa, tunasema amedumaa. Mvulana wa kawaida wa miaka miwili ana sentimita 87 hivi akisimama. Mstari upo kwenye 81. Basi. Hakuna akili ndani ya maana hiyo, wala tabia, wala kabila.

Ukondefu ni jambo jingine: uzito mdogo kwa urefu alionao mtoto. Huweza kuja kwa wiki chache za kuhara au njaa, ilhali udumavu hujengeka kwa miezi na miaka, na mtoto aliyedumaa anaweza kuwa mnene wa kupendeza. Ndiyo maana mama wengi hushangaa tukiwaambia. Zamani mtoto alipimwa uzito kwa umri tu, mwembamba na mfupi wakatiwa kapu moja, mpaka daktari Mwingereza John Waterlow, aliyefanya kazi miaka mingi Jamaika, alipotaka hali hizo mbili zitenganishwe mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Sasa neno lenyewe. Kitenzi ni *dumaa*, na shambani huku wa kwanza kudumaa ni mahindi. Yamekosa mbolea ya kukuzia, au mvua imekatika mapema, yakabaki usawa wa magoti wakati ya jirani yanatoa mbelewele. Sijamsikia mkulima hata mmoja akisema mahindi yake ni majinga. Anainama, anashika udongo, anauliza kilichokosekana.

Wapo wanaodhani dumaa ni ndugu wa *dumu*. Dumu tulilipata kwa Waarabu, na maana yake ni kuendelea kuwapo. Dumaa likae na wenzake wa mwisho wa *-aa*: sinyaa, fubaa, chakaa, duwaa, kakamaa. Vitenzi hivi hueleza hali iliyomkuta mtu au kitu. Nguo huchakaa kwa jua na kufuliwa, wala haijichakazi yenyewe. Jani husinyaa kwa kukosa maji. Ukisema mtoto amedumaa, sarufi yenyewe inakwambia kuna jambo limempata, nawe unapaswa kuuliza ni jambo gani.

Kosa, nadhani, linaingilia kwenye nomino. Chakaa hutupa uchakavu, kakamaa hutupa ukakamavu, dumaa hutupa udumavu, na pumbaa hutupa upumbavu. Udumavu, upumbavu: masikio yanasikia wimbo mmoja, mdomo unamalizia. Halafu likaja "mdumavu", ambalo mimi silitumii kabisa, kwa kuwa linaifanya hali kuwa jina la mtu. Na baada ya hapo "udumavu wa akili", kana kwamba kliniki tuna ubao wa pili wa kupimia akili. Hatuna.

Najua nitakachojibiwa: mbona wataalamu wenyewe kila siku wanasema udumavu huathiri ubongo? Kweli, ukilinganisha makundi makubwa ya watoto, waliodumaa kwa wastani hupata alama za chini shuleni. Lakini ufupi wa miguu haumzuii mtu kuzidisha. Mambo yanayofanya mifupa ichelewe kurefuka, kama lishe duni tangu tumboni, maradhi yasiyoisha na umaskini wa nyumba, ndiyo hayo hayo yanayoweza kuuchelewesha ubongo. Mwaka 2019 watafiti Jef Leroy na Edward Frongillo waliandika kwamba udumavu tuuchukue kama alama ya mazingira mabovu, tusiufanye chanzo cha kila baya linaloambatana nao. Ni kipimo cha jamii. Hata mahali ambapo watoto wote wanakula vizuri, kama wawili katika kila mia watakuwa chini ya mstari ule kwa ufupi wa kuzaliwa tu, nao hawana tatizo lolote.

Na hili ndilo linaloniumiza zaidi. Upungufu unaojulikana wazi kuudhuru ubongo wa mtoto hauonekani kwenye ubao wetu. Mama mjamzito akikosa madini joto, mtoto anaweza kuzaliwa ubongo ukiwa umeshaathirika. Mtoto akikosa madini chuma huchoka, husinzia darasani, hushindwa kutulia kwenye jambo moja. Mtoto huyo anaweza kuwa na urefu wa kutosha kabisa, akapita kliniki akipigiwa makofi. Njaa hii iliyofichika ya vitamini na madini ina majina yake na vipimo vyake, tena vya damu na mkojo. Tukiita kila kitu udumavu, mtoto mrefu mwenye upungufu wa damu hakuna atakayemwona.

Kutaja upungufu kwa jina lake si ubishi wa maneno. Pemba, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2006, watoto zaidi ya 24,000 walihusishwa, na waliopewa madini chuma pamoja na asidi ya foliki bila kupimwa kwanza walilazwa na kufariki zaidi, kwa sababu malaria ilikuwa kali mno kisiwani. Ilibidi vidonge hivyo visimamishwe. Katika kundi dogo lililopimwa damu, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa madini chuma na damu walifaidika. Kidonge ni kile kile, kisiwa ni kile kile.

Kuhusu kabila nitasema kwa kifupi, maana nalo hutajwa ("sisi Wabena ni wafupi tu"). Viwango vya 2006 vilitokana na watoto wa miji sita ya nchi mbalimbali, Pelotas (Brazili), Accra (Ghana), Delhi (India), Oslo (Norwe), Muscat (Omani) na Davis (Marekani), waliochaguliwa kwa sababu walinyonyeshwa na kutunzwa vizuri. Mpaka miaka mitano walirefuka karibu sawasawa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta Tanzania watoto 30 katika kila 100 wamedumaa. Iringa ni karibu 57. Njombe na Rukwa karibu 50. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Magunia yamepangwa mpaka darini, na mtoto anashiba: uji mweupe wa sembe asubuhi, ugali mchana, ugali jioni. Anashiba wanga. Mahindi yana asidi ya fitiki, inayoshika madini chuma na zinki ili mwili usiyapate, na hicho kidogo anachokipata hutoka naye akiharisha. Mama yuko shambani tangu alfajiri. Mtoto wa miezi minane analishwa na dada yake wa miaka saba. Kule Guatemala, kati ya 1969 na 1977, vijiji viwili vilipewa uji wenye protini nyingi na vingine viwili kinywaji kitamu kisicho na protini. Uji uliongeza urefu kwa watoto waliokuwa hawajavuka miaka mitatu. Baada ya umri huo haukuongeza tena. Ndiyo sababu tunawasumbua akina mama na siku 1000, tangu mimba mpaka miaka miwili.

Kikao kilipoisha nilimfuata mwalimu. Si mtu mbaya. Ana watoto 74 katika chumba kimoja. Nikamweleza hivi nilivyoeleza hapa, kwa kifupi zaidi, naye akasikiliza.

"Sasa nisemeje, dada?" akauliza. "Maana kweli hawashiki."

Nikamwuliza wangapi wanafika asubuhi wakiwa wamekula. Akafikiri kidogo. Labda robo, akasema, wengine wanakula saa tisa wakirudi nyumbani.

"Basi sema hivyo, mwalimu. Sema wana njaa."