Vitamini D, jua na kansa kwa akina mama: chupa haipapasi titi

Kuna mama alikuja kliniki, akakaa, akafungua mkoba akatoa chupa tatu za vitamini D, moja imeisha mbili hazijafunguliwa, akaniambia dokta hizi nameza mwezi wa nne sasa, kwenye grupu letu wamesema zinazuia kansa ya titi. Nikamuuliza sasa kilichokuleta nini mama? Akanyamaza, ndo akasema kuna kitu kigumu kama kokwa ya ukwaju, kwapani kushoto, kipo tangu kabla hajaanza vidonge. Hiyo miezi minne inaniuma mpaka leo, ndo maana naandika.

Hii habari haikuzuka tu. Mwaka 1980 ndugu wawili wa Marekani, Cedric na Frank Garland, waliandika kwamba sehemu zenye jua hafifu watu wanakufa zaidi na kansa ya utumbo mpana kuliko zenye jua kali. 2007 wakaja watafiti wa Nebraska, jimbo la Marekani, wakawapa akina mama waliokoma hedhi kalsiamu na vitamini D, waliopata kansa wakapungua, watu wakashangilia sana. Ila watafiti walewale wakarudia na akina mama 2,303, vitamini D yuniti 2000 kila siku pamoja na kalsiamu, miaka 4, majibu yakatoka 2017: waliomeza kama asilimia 3.9 walipata kansa, wasiomeza 5.6, tofauti ambayo kitaalamu inaweza kuwa bahati tu. Halafu utafiti mwingine wa vitamini D kwa watu karibu 26,000, wake kwa waume, miaka zaidi ya 5, kansa mpya hazikupungua.

Sasa mbona wenye vitamini D nyingi kwenye damu mara nyingi wanaonekana wazima zaidi? Fikiria mwenyewe, anayetembea sana nje, hana uzito mkubwa, hanyongonyei kitandani, huyo ndo jua linampata, na mambo hayohayo yanampunguzia kansa hata bila kidonge. Na aliyekwisha kuugua anashinda ndani, kipimo kinashuka, tunadhani upungufu ndo umeleta ugonjwa.

Jua lenyewe silikatazi hata kidogo. Mionzi ikigusa ngozi mwili unaanza kutengeneza vitamini D, ini na figo zinamalizia. Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania walipopimwa walikuwa na vitamini D ya kutosha kwenye damu, wastani wa nanomoli 115 kwa lita, bila chupa yoyote! Tatizo ni sisi tunaoshinda ofisini, na jua la kwenye kioo cha dirisha halisaidii kwa hili. Dada unayevaa buibui huhitaji kuliacha, kaa uani kwako mikono na miguu wazi mara kadhaa kwa wiki, ngozi nyeusi inataka muda zaidi kidogo. Wenye ualbino hapana jamani, kwao jua ndo linaloleta kansa ya ngozi, wajifunike.

Na kumeza dozi kubwa kiholela kunapandisha kalsiamu kwenye damu, figo zinaumia.

Kama daktari amekupa kwa ajili ya mifupa endelea kama alivyoandika. Ila ukipapasa kitu kwenye titi au kwapani, au damu inatoka na hedhi ilishakoma, njoo wiki hiihii, chupa zako zilete kwenye mkoba tutaziangalia pamoja.